Mpiga Gitaa Aliyebaki Nyumbani

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Ron Hackett alilishusha gitaa kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akalirudisha palepale. Mkewe, Maureen, alimwambia kwamba kama anatafuta kazi ya kupanda na kushuka ngazi, dari la jikoni linamngoja tangu Pasaka.

Ron hakucheka. Saa tano angefika Aubrey Pell, na maji yalikwisha kuchemshwa mara mbili bila mtu kunywa chai.

Miaka kumi na mmoja nyuma, mwaka 1968, Ron na wenzake watatu wa mji wa Walsall walitoa santuri yao ya kwanza na ya mwisho, Saa ya Bwana Wiggins. Stereo, yaani sauti kugawanywa kwenye spika mbili, ilikuwa bado kitu kipya, na fundi wa studio aliichezea kama mtoto aliyepewa filimbi. Sauti ya mwimbaji, besi na ngoma akavirundika kwenye spika ya kulia. Gitaa la Ron akalipa spika ya kushoto peke yake. Ron alivimba kichwa. Nusu nzima ya santuri ilikuwa yake.

Kisha Pell, mhakiki wa muziki, akaandika gazetini. Hakutukana, na hilo ndilo lililouma zaidi. Aliandika mistari minne tu, wa mwisho ukisema kwamba mpiga gitaa, yaelekea, alibaki nyumbani. Maduka yakairudisha santuri, kampuni ya santuri ikawatupa, mwimbaji akahamia Australia. Ron akarudi kupiga lipu kwenye nyumba za watu. Hata leo, akiingia baa ya mtaani, hakosi mlevi wa kumuuliza, "Fundi, leo umekuja mwenyewe au umebaki nyumbani?" Hucheka nao, kisha hurudi kwake bila hata kulitazama gitaa. Lisemwalo lipo, alianza kujiambia. Labda kweli siku ile hakupiga kitu.

Sasa Pell alikuwa amemwandikia barua. Jarida moja la London lilimwomba azipe nafasi ya pili santuri zilizoonewa, naye alitaka kuanza na yao. Ron aliisoma barua ile hadi karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Hakutaka sifa. Alitaka sentensi moja tu, kwamba alikuwepo. Akiipata, gitaa halirudi tena juu ya kabati.

"Usijipe moyo sana, Ronnie," Maureen alisema. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Pell alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyelivua koti lake la mvua mlangoni asiloweshe zulia. Maureen alimwonyesha kiti kizuri katikati ya sebule, lakini yeye akaenda kujibana kwenye kona ya kochi, bega la kushoto ukutani, wenyeji wote upande wake mmoja. Jikoni Maureen alimnong'oneza mumewe kwamba mwenye hatia hapendi kuacha nafasi mtu ampitie nyuma.

Mgeni alikunywa chai, akala biskuti mbili, akatoa karatasi na kuanza kusoma. Nyimbo alizozipuuza zamani sasa aliziita hazina. Alimwomba radhi mwimbaji kwa kumtaja jina. Ngoma, besi, hata kengele ya baiskeli kwenye wimbo wa mwisho, kila kimoja kilipata haki yake. Ron alikaa ukingoni mwa kiti, akingoja zamu yake. Pell akaikunja karatasi.

"Na gitaa?" Ron aliuliza.

"Ndilo lililonileta, Bwana Hackett. Haikuwa vizuri ulisome jaridani." Pell aliweka kikombe chini. "Nimeisikiliza mara kumi na mbili. Mwenye nyumba wangu hataki kelele, kwa hiyo navaa spika za masikioni, zilezile nilizovaa mwaka ule. Hakuna kinachonipita. Nilitamani sana kubadili neno. Sikupata la kubadili."

Maureen alisimama, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Ron alimsindikiza hadi kituo cha basi, maana mgeni ni mgeni hata akikukata maini. Njia ya miguu ilikuwa nyembamba. Pell alitembea akiwa na ukuta wa kiwanda upande wake wa kulia, Ron akambana upande wa pili, karibu na barabara.

Hawakuwa wameumaliza ukuta ule Ron alipofunguka. Alimweleza yote: walevi wa baa, vidole vilivyokakamaa kwa lipu, gitaa lililolala juu ya kabati miaka kumi na mmoja. Alimwambia jinsi alivyomchukia. Kisha aibu ikamwisha, akamwomba.

"Andika tu kwamba nilikuwepo. Usiseme nilipiga vizuri. Sema nilikuwepo, basi."

Pell alitazama mbele, akiimba kwa pua kiitikio cha wimbo wa kwanza, kama mtu anayetembea peke yake.

Damu ilimpanda Ron kichwani. Alimkamata bega akamgeuza kwa nguvu, ngumi ya mkono wa pili ikiwa imeshakunjwa. Pell alishtuka, akamtazama mdomo, kisha ile ngumi, kisha mdomo tena.

"Niwie radhi, Bwana Hackett, kumbe ulikuwa unazungumza?" alisema, akimvuta taratibu amzunguke. "Njoo huku kulia kwangu. Sikio hili la kushoto liliuawa na surua nikiwa na miaka sita. Tangu hapo halijasikia hata kengele ya kanisa."