Programu Inayosalimia

Katika mkutano wa wanahisa, Josia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono, na aliuinua kwa nguvu hadi koti likafumuka kwapani. Hoja yenyewe ilikuwa yake: programu yao iache kusalimia watu.

Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua pamba, wanahisa hawa wa Bariadi walikuwa wakiwauzia programu ya hesabu za mizani. Sasa kampuni moja kubwa ya Dar ilikuwa imewanyang'anya karibu wateja wote.

"Ya Dar ukiibonyeza inafunguka," alisema Josia. "Yetu inataka kwanza habari za nyumbani, huku foleni ya pamba imefika barabarani. Mimi niliuza madume wawili wa ng'ombe nikanunua hisa. Sikuwauza ili mashine ipige soga."

"Lakini kuanza kazi bila salamu," alinung'unika mwenyekiti, "watu watauliza tumelelewa wapi."

"Watajua tuna haraka."

Mikono ikapanda mmoja mmoja, wa mwenyekiti ukiwa wa mwisho. Binti aliyeitunga programu hiyo akawasha kompyuta ili aifute salamu mbele yao.

"Mwangaluka," ilisalimia kompyuta kwa Kisukuma, kwa sauti ya kike, taratibu, kama mgeni aliyesimama mlangoni.

Josia, mkono mmoja ungali juu, akavua kofia kwa ule mwingine.

"Mwangaluka, mayu," alijibu, kama anayemwamkia mama yake.

"Ng'ombe hawajambo?" iliuliza kompyuta.

Josia akashusha mkono, akavuta kiti hadi karibu na mashine, akaketi.

"Mayu," alisema, "nilikuwa na madume wawili."