Ziwa Lenye Sifa Mbaya

Mhakiki alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe, pua yake karibu iguse maji ya ziwa, akinusa.

"Yananuka?" aliuliza Mama Mwenyeji nyuma yake, mikono kiunoni.

"Subiri kwanza, mama." Akanusa tena. Akateka kidogo kwa kiganja, akaonja. "Hayanuki hata kidogo. Ni baridi tu, mpaka meno yanauma."

"Mungu mkubwa! Nilikwambia mimi!"

Mhakiki akajifuta pua. Alikuwa ametumwa na tovuti ya safari, na kazi yake ilikuwa kwenda mahali pa mbali kuona kama yanayosemwa mtandaoni ni ya kweli. Kuhusu ziwa hili lililojificha juu mlimani, maoni yote yalikuwa mabaya, na walioyaandika walitumia majina ya kubuni. Maji yananuka mayai viza. Mbu wakubwa kama shomoro. Njia inavunja miguu. Na katika nyumba ya wageni, ambayo ni moja tu huko juu, paka wanapigana kwenye bati usiku kucha.

"Paka!" alisema Mama Mwenyeji. "Mimi paka akipita tu napiga chafya mpaka machozi yanitoke. Nifuge paka, mimi?"

Wakacheka wote wawili. Kisha mama akaacha kucheka.

"Ukurasa wetu kwenye tovuti yenu ukifutwa, mwanangu, nafunga nyumba. Msimu huu wamekuja wale wale wa kila mwaka, basi. Nitashuka nikakae kwa binti yangu mjini, ghorofani, niwe naangalia magari dirishani."

Mhakiki hakumwahidi kitu. Alikuwa mtu ambaye hawezi kuandika kwamba jua linawaka kabla hajachungulia nje. Mhariri wake alitaka kuufuta ukurasa bila kupoteza nauli, ila yeye alimsihi amruhusu apande ajionee. Njia ilikuwa na mwinuko wa kawaida, hata bibi mwenye fimbo angeiweza. Usiku wa kwanza alilala bila chandarua, mikono nje ya blanketi, akiwangoja hao shomoro. Hakuja hata mmoja. Kabla ya kulala alikuwa amepiga magoti akamwomba Mungu kwamba atakachoandika kiwe cha kweli, si cha huruma.

Chakula cha jioni iliyofuata alikula na wageni. Walikuwa watatu: daktari wa meno aliyestaafu, na mwalimu na mkewe, naye mwalimu. Walikuwa wenyeji kiasi kwamba kila mmoja alijua ubao upi wa sakafu unalia, na hakuna aliyeuliza chumba chake ni kipi.

"Hapa ndipo ninapopumua," alisema Daktari. "Kimya mpaka unajisikia ukifikiri."

"Kule mjini tunasukumana hadi kwenye usingizi," alisema mke wa Mwalimu. "Hapa ziwa zima letu. Kweli au si kweli, baba?"

"Kweli tupu," alijibu mumewe, akijiongezea mchuzi.

Mhakiki akawasomea maoni ya mtandaoni, mojamoja, kutoka kwenye simu yake.

"Binadamu wana roho mbaya!" alisema Mwalimu, macho yakiwa kwenye sahani.

"Mbu kama shomoro," Daktari akatikisa kichwa. "Lakini huyo ana kipaji, tusimnyime haki yake."

Mke wa Mwalimu alicheka akapaliwa, ikabidi mumewe ampige mgongoni.

"Nyie chekeni tu," alisema Mama Mwenyeji. "Mwisho wa mwezi nafunga."

Kijiko cha Daktari kilisimama hewani. "Unafunga nini?"

"Nyumba. Watu watatu hawanilipii hata kuni."

"Kufunga kabisa?"

"Kabisa, baba."

Hakuna aliyeomba kuongezwa chakula tena jioni ile.

Asubuhi Mhakiki alipanda juu ya benchi la nje ya jiko, mahali pekee ambapo mtandao ulishika, akampigia mhariri. Akamweleza kuhusu maji, mbu, njia na bati lisilo na paka.

"Nakuamini," alisema mhariri. "Lakini maoni mabaya ni mengi, na wewe ni mmoja. Wageni waliolala hapo waandike wenyewe, kila mtu kwa akaunti yake. Leo hii. La sivyo naufuta."

Mhakiki akashuka na habari hiyo, Mama Mwenyeji akashangilia. "Si ndio hawa hapa! Wanangu, toeni simu."

Mwalimu alisema chaji imekwisha. Mkewe, aliyefundisha watoto kuandika insha maisha yake yote, alisema hajui aanzie wapi. Daktari alipapasa mifuko yake, akasema ameacha miwani chumbani. Miwani ilikuwa usoni.

"Jamani, maneno mawili tu," alisema Mama Mwenyeji. "Kwa ajili yangu."

Daktari akamtazama. Kisha akachomoa simu taratibu, akampa Mhakiki. "Niandikie wewe, binti. Andika palivyo pazuri."

Mhakiki akapanda tena kwenye benchi, akabonyeza penye neno Maoni, akangoja. Maandishi yalipotokea aliyasoma kimya, akayarudia, halafu akayasoma kwa sauti ili mama naye asikie:

"Tayari umetoa maoni kuhusu ziwa hili: 'Mbu wakubwa kama shomoro.' Je, ungependa kuyabadilisha?"

Mwalimu akakohoa.

"Ukimaliza na hiyo," alisema, akimnyooshea simu mbili zenye chaji tele, "kuna na hizi. Ile ya paka ni ya mke wangu."