Neno la Kumi

Baba alizikwa kwetu Nyandarua nikiwa kwenye mitihani huku Sydney. Asubuhi iliyofuata nikapanda treni kutoka Parramatta kwenda sinagogi kumsomea sala ya wafiwa. Sala hiyo haisomwi mpaka watimie wanaume kumi, Wayahudi.

Mzee mwenye funguo akaanza kutuhesabu. Sisi Wayahudi hatuhesabu watu kwa namba. Tunatumia mstari wa Zaburi wenye maneno kumi ya Kiebrania, kila mtu na neno lake. Baba alinifundisha mstari huo tukikamua ng'ombe.

Mimi, Mwafrika pekee mle ndani, nilikaa mwisho wa benchi. Kidole cha mzee kilikuwa na plasta. Kikamfikia jirani yangu kwa neno la tisa, kikasita mbele ya kifua changu, kikakunjwa.

Neno la kumi nikalitamka mwenyewe, kwa sauti.

"Umelisema sawasawa kabisa," mzee akasema kwa upole. "Umejifunzia wapi?"

"Kwa baba yangu. Ndiye niliyekuja kumsomea sala."

"Pole sana, kijana." Akanishika bega, kisha akawageukia wenzake. "Tusubiri kidogo. Huenda wa kumi akatokea."

Wote tisa wakautazama mlango. Nami, Mungu anisamehe, nikautazama pia.