Haya ya Mzee Mbaruku

Chama cha wakazi wa Kisimani kilikuwa kimelala miaka mingi, mpaka kampuni ilipokuja na ramani ya kuubomoa mtaa mzima ijenge kituo cha magari ya angani. Ndipo wakakifufua. Siku hizo hata marehemu walipiga kura, mradi sauti zao zimehifadhiwa nyumbani.

Bi Siwatu akaja mkutanoni amekipakata kisanduku chenye sauti ya mumewe, kama aliyepakata mwana. Kura za walio hai zilikuwa nusu kwa nusu; iliyobaki ilikuwa ya huyo mumewe, Mzee Mbaruku.

"Mzee, mtaa ubomolewe?" akauliza Rehani, katibu wa chama.

Kisanduku kikakohoa kikohozi kile kile cha marehemu, kisha kikasema, "Haya."

Mashine ya kura ikaandika: amekubali.

"Hapana!" Bi Siwatu akapiga kelele. "Huyu akisema haya, amechoka kubishana nawe tu. Tangu anioe, haya yake ni hapana ya mtu mpole!"

"Tunakuamini, shangazi," Rehani akasema, machozi yakimlengalenga. "Lakini mashine haijakaa naye nyumba moja."

Jioni Bi Siwatu akakirudisha kisanduku juu ya kabati, mahali pake pa siku zote, akaanza kufunga vyombo.

"Baba Mishi, tunahama," akamwambia mumewe.

"Haya," ikamjibu ile sauti, taratibu.

Bi Siwatu akabaki na sahani mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakujua ni haya ipi.