Kuku wa Miguu Mitatu

"Mchelea mwana kulia hupata usingizi," alisema mama yake Yunisi, akalibwaga boksi kwenye mkeka. Methali ilikuwa imepinduliwa miguu juu, lakini Jumapili ile hapakuwa na mtu pale Mwankoko mwenye nguvu ya kuisimamisha.

Boksi lilikuwa la baba. Alikuwa mchora mabango wa Shelui, hadi alipogundua kwamba Nzega kuna wanawake wasiochoka. Aliacha makopo ya rangi iliyoota ngozi, brashi zilizokakamaa, na penseli za rangi fupi kuliko kidole gumba.

Darasa la nne walikuwa wameagizwa kitu kimoja kila mtoto, kitokane na vitu chakavu. Atakayeshinda angekwenda Dodoma kwenye maonyesho ya Nanenane. Yunisi hakuijali Nanenane. Alitaka kuiona treni ya umeme inayofika huko. Alikuwa akiiota, akiamka akiisimulia, na hakuna aliyembishia kwamba ina mataa hadi tumboni.

Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na kuku. Mwili wa gazeti lililofinyangwa, gundi ya unga, miguu ya mipini ya brashi. Miguu mitatu.

"Kwa nini mitatu?" mama aliuliza.

"Kwa miwili anaanguka."

Mama akamtazama kuku yule kwa muda mrefu, karibu atabasamu. Lakini Yunisi alikuwa ameshachungulia kwa jirani. Alimwona baba yake Innocent, fundi seremala, akipiga randa mabaki ya mbao kutengeneza trekta la mwanawe, na kilio kikaanza upya.

"Nisaidie, mama. Wa kwangu mbaya!"

"Mwalimu alisemaje?"

"Tutengeneze wenyewe."

"Basi."

Kilio kikapanda hadi mbuzi wa jirani wakaitikia. Mama alifumba macho. Sauti yake ilikuwa imekauka tangu Ijumaa, na miguu imevimba kwa kusimama wiki nzima.

"Lete," alisema. "Mwalimu ni wa Jumatatu. Leo Jumapili."

Akaketi, akafinyanga gazeti jingine likawa mwili. Alizichonga penseli za baba moja baada ya nyingine, na maganda yake, yenye kingo za buluu na chungwa, akayabandika kwenye kuku mpya, ganda juu ya ganda, yakawa manyoya. Nywele za brashi zikawa mkia. Mwisho akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba wake, akampaka kilemba kichwani. Kuku alibakiza kuwika tu. Yunisi alikuwa ameshanyamaza, anarukaruka kwa mguu mmoja akicheza na kivuli chake.

"Hodi! Mnafuga humu siku hizi?" Mama Innocent aliingia bila kungoja jibu. "Naomba rangi kidogo ya trekta. Maana kuna mwalimu mmoja kaamua tusipumzike hata siku ya Bwana. Sijui kalelewa wapi huyo!"

"Mwambie ukimwona."

"Nimeshamwambia," alisema Mama Innocent, akaondoka na kopo.

Asubuhi kuku wawili walikuwa mezani. Mama alisimama mlangoni, mkoba begani, amechoka kabla ya siku kuanza.

"Chagua mwenyewe," alisema. "Huyu, au yule. Mimi sikusemei."

Yunisi hakusita. Akamfunga yule mzuri kwenye kanga. Wa miguu mitatu akabaki mezani, amesimama imara.

"Haya," alisema mama, kama mtu anayetua ndoo.

Darasani kazi zilipangwa dirishani. Mwalimu alizipitia polepole.

"Innocent, hii randa ni ya baba yako. Msalimie, mwambie amejitahidi." Sifuri.

Mbele ya kuku wa Yunisi darasa zima lilinong'ona. Hata Innocent alisahau kununa. Yunisi aliisikia treni ikipiga honi. Mwalimu alimgeuza kuku huku na huku, akapitisha kidole kwenye manyoya, akamrudisha dirishani. Halafu akaandika.

Sifuri.

Dodoma ikaenda kwa Deo, na lori lake la vifuniko vya makopo, lililopinda shingo, gundi ikichuruzika hadi chini.

Yunisi akasimama, machozi yanamtoka.

"Lakini mama! Kuku huyu si umemtengeneza wewe?"

Mwalimu akaifunika kalamu yake nyekundu.

"Ndiyo maana," alisema kwa sauti ileile iliyokauka. "Na hapa niite mwalimu. Siombi radhi."