Taa za Oddvar Gatini

Torill, mwongoza magari wa gatini, aligonga boneti mara mbili kwa kiganja, akapunga mkono: songa. Gari-nyumba la Oddvar halikusonga. Alipozungusha ufunguo ilisikika tk, basi. Akazungusha tena, na hata hiyo tk haikutoka.

Nyuma yake, mstari wa nne, kulikuwa na magari kumi na tisa, na kivuko kilikuwa kimeshafungua mdomo. Oddvar akatazama pembeni mwa usukani. Swichi ya taa za mbele ilikuwa imewashwa, na betri yenyewe ilikuwa kuukuu.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Afadhali lingekuwa gati lingine lolote. Hapa alifanya kazi miaka thelathini na moja, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupita kati ya mistari akigonga madirisha ya watu. Huku taa huwashwa hata jua likiwa utosini, ndiyo sheria, na watu wakifika kwenye foleni ya kivuko huzima injini, wakaenda zao kunywa kahawa, taa wakazisahau. Oddvar hakuishia kuwakumbusha, aliwasema mpaka wakatahayari. Torill mwenyewe alifundishwa kazi na yeye.

"Mzee Oddvar," Torill akasema dirishani, akijikaza asicheke, "si wewe uliyekuwa unasema anayesahau taa apewe baiskeli?"

Kando ya Oddvar, mkewe Synnøve alikuwa ameshika soseji iliyopoa, hajaiuma hata mara moja, ilhali ni yeye aliyemtuma Oddvar kibandani akaipangie foleni nusu saa nzima.

Utani wa Torill angeumeza. Ng'ambo ya pili binti yao Ragnhild alikuwa akiwasubiri, na maneno yake ya mwezi wa tano yalikuwa wazi: kosa moja zaidi, Baba, na funguo unanipa mimi. Mwezi huo Oddvar aliondoka kituo cha mafuta ngazi ya mlango ikiwa imeshushwa, akaing'oa. Kabla ya hapo gesi ilikutwa wazi usiku kucha. Alikuwa na miaka sabini na nane. Kila kiangazi yeye na Synnøve waliishi ndani ya gari hili, wakilala popote walipopapenda. Akinyang'anywa funguo, atabakiwa na ile nyumba ya ghorofani jirani na kwa Ragnhild, ambayo Synnøve aliitamani tangu mwaka jana, akichungulia maegesho ya watu.

Alikumbuka kabisa mkono wake ukiizima ile swichi. Angeweza kuapa. Lakini wote wanaosahau huapa, naye alikuwa amewasikia wengi, hapahapa gatini.

Akabonyeza kitufe cha dharura alichokifunga kwa mikono yake, kile kinachochukua nguvu ya betri ya ndani na kuiazima injini. Stata ikakoroma kidogo, ikakata. Akageuka kutazama nyuma. Friji halikuwa limewekwa kwenye gesi, limekula betri ya ndani tangu asubuhi. Na hilo nalo akajitwika.

"Imekwisha kabisa?" Synnøve akauliza.

"Kabisa."

"Pole, mume wangu." Akamwekea sawa kola ya shati, bila kumtazama usoni.

Magari yakaanza kuwazunguka, moja baada ya jingine. Waliopiga honi aliwavumilia. Waliomtazama kwa huruma aliwainamishia kichwa. Kivuko kikaondoka.

Aliyebaki alikuwa Mswidi wa nyuma yao, Sixten, mtu mnene mwenye kaptula, naye pia ana gari-nyumba. Alishuka na waya za kubusti bila kuombwa. Maisha yake yote Oddvar alikuwa akisimulia vichekesho vya ujinga wa Waswidi, na leo alisimama kama mwanafunzi, Mswidi akimwelekeza: nyekundu huku, nyeusi kwenye chuma, tungoje dakika tano, haya piga. Injini ikawaka. Oddvar akashukuru kwa sauti ndogo. Sixten akamwambia asijali, baba yake naye alianza hivihivi.

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Kwenye kivuko kilichofuata hakushuka garini. Alifikiria kumwomba Torill asimwambie mtu, kisha akajionea haya hata kwa wazo lenyewe. Mtu mzima huenda kujisema mwenyewe kabla hajasemewa.

Ng'ambo aliegesha pembeni, na Ragnhild akaja mbio akitabasamu. Oddvar hakungoja salamu. Akamweleza habari ya taa, ya friji, na ya foleni yote iliyomzunguka. Alipomaliza akazima injini, akachomoa ufunguo, akamkabidhi.

"Ulisema kweli, mwanangu. Kichwa changu hakifai tena barabarani."

Ragnhild akamkumbatia na wote wawili wakalia palepale, watu wakipita. Synnøve alisimama kando, mkoba kifuani, wala hakuwasogelea.

Gari-nyumba la Sixten likatoka kivukoni polepole, likasimama mbele yao. Mke wa Sixten, mama mchangamfu mwenye kikombe cha kahawa mkononi, akatoa kichwa dirishani na kumtikisia Synnøve kidole kwa utani.

"Dada, siku nyingine mzee akishazima taa, usiziwashe tena. Nilikuona alipokwenda kununua soseji, nikadhani ndiyo desturi yenu."

Oddvar akamgeukia mkewe. Synnøve alikuwa anatazama viatu vyake.