Kucha ya Vaidotas

Filimbi yangu ilitangulia, macho yakafuata. Zilibaki sekunde nne mechi ya kikapu iishe, wageni walikuwa nyuma kwa pointi moja, na atakayefungwa angeshuka daraja. Wageni walikuwa wameshauvusha mpira mstari wa kati, ukarudi nyuma, mchezaji wao akaudaka huko. Kosa: timu ikishauvusha hairuhusiwi kuurudisha. Nikaashiria: mpira wa wenyeji.

Vaidotas, mlinzi wa wenyeji, akanisogelea. "Refa, niliugusa mimi kabla haujarudi. Hawana kosa."

Akanionyesha kidole kilichougusa. Kucha ilikuwa imenyanyuka nusu, damu ikichuruzika hadi kiganjani.

"Wee!" kocha wake akafoka. "Kuungama ni kwa padri, siyo kwa refa!"

Benchi lao likaangua kicheko. Hata mimi nilitabasamu.

Sheria nazijua zote. "Nenda ukafungwe kidonda," nikamwambia. "Mwenye damu hachezi."

Kisha nikawapa wenzake mpira.